Kaimu Marehemu wa Benchi la Mbele

Nchi yenyewe sitaitaja. Nyumba yangu ina madirisha ya vioo, na wenye nchi wanaishi jirani. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye wizara ishirini na saba na barabara moja, na kila mwenye cheo humo ni kaimu. Tuna kaimu mkurugenzi, kaimu mganga mkuu, na tulikuwa na kaimu mwalimu mkuu aliyekaimu miaka kumi na moja hadi akazikwa. Kwenye jeneza lake wakaandika MWALIMU MKUU kwa rangi ya dhahabu, bila hilo neno lingine, na familia ikafarijika sana.

Kwenye mazishi hayo ndiko mambo yalikoanzia.

Sisi wa Usharika wa Kiwera, huku juu kwenye migomba na kahawa, si wachoyo. Jumapili ya mavuno utakuta mbele ya madhabahu kuku, mayai, mikungu ya ndizi, mara moja hata beberu aliyekula waraka wa askofu. Lakini kulikuwa na sadaka moja hatukuitoa. Kila Jumapili ya tatu ya mwezi Mchungaji Nderumaki alisimama akatusomea habari za Sadaka ya Kuachia, kwamba kila msharika aandike wosia, na katika mali atakazoziacha alikumbuke na kanisa. Washarika walisikiliza kwa adabu, wakaitikia amina, wakarudi majumbani kwao kuendelea kutokufa.

Kwetu kuandika wosia ni kumwandikia Kifo barua na kumchorea ramani ya kwako. Mzee mmoja alipobanwa sana alimjibu mchungaji, "Anza wewe, baba. Tukuone."

Basi kwenye mazishi ya yule kaimu mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu, kwa kuwa ni katibu wa usharika na mwalimu mstaafu. Unajua ilivyo katika nchi yetu. Mtu hasifiwi akiwa hai, asije akavimba kichwa, au, mbaya zaidi, akaomba kupandishwa cheo. Sifa zake zote huwekwa stoo mpaka jeneza lifike, ndipo zinatolewa kwa mkupuo. Nilimsomea mistari kumi na minne. Mchungaji, ambaye macho yake yalipaswa kuwa yamefumbwa, alikuwa akiwatazama watu.

"Mwalimu," aliniambia baadaye tukinywa chai, "ulimwona Mama Kundaeli?"

"Nilimwona. Alikuwa analia."

"Alikuwa analia, sawa. Lakini hakumlilia marehemu. Alikuwa anamwonea wivu."

"Hata mimi nilimwonea."

"Wewe? Unamwonea wivu maiti?"

"Kwa mistari kumi na minne, mchungaji, nani asingemwonea?"

Akakitua kikombe. Mtu wa Mungu akikitua kikombe namna ile, mjue kuna jambo.

*

Wiki mbili baadaye likatoka tangazo. Msharika yeyote atakayeandika wosia akaliachia kanisa mali yake, wasifu wake utasomwa angali hai, mbele ya usharika mzima, kwaya ikiimba kwa chini. Atakaa Benchi la Mbele, kwenye mto wa kitambaa cha zambarau. Na kwa kuwa bado hajafa, lakini nafasi ameshaomba, ataitwa Kaimu Marehemu.

Watu walicheka hadi mzee wa kanisa mmoja akatolewa nje kupigwa mgongo. Jumapili iliyofuata kicheko kilikauka, maana Bi Ndeshukurwa alisimama.

Bi Ndeshukurwa alikuwa muuguzi mkuu wa wilaya, sasa mstaafu. Hakuolewa, hakuzaa. Kijiji kizima kilimwita Sista. Alikuwa na nyumba ya mawe yenye bati la bluu, tangi la maji, redio inayoshika vituo vya ng'ambo, na mwendo wa mtu ambaye hajawahi kukimbilia gari. Vyote hivyo, ukiacha mwendo, aliviachia kanisa. Nikamsomea mistari kumi na tisa. Sikudanganya isipokuwa miwili, na mmoja wa hiyo ulihusu sauti yake ya kuimba. Nilipofika kwenye watoto aliowapokea duniani kwa mikono yake, akina mama walitoa leso. Yeye alikaa wima kwenye mto wa zambarau, akitazama mbele, mtulivu kama picha ukutani.

Safu ya tatu nyuma yake alikaa wifi yake, Apaikunda, yule ambaye sote tunamwita Mama Kundaeli, mjane wa kaka yake Sista. Ilikuwa Julai, baridi inang'ata masikio. Apaikunda alikuwa anajipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Wivu ule una historia ndefu kuliko ya nchi. Ulianza siku ya harusi ya Apaikunda mwenyewe, wifi alipokuja amevaa viatu vilivyotazamwa kuliko bibi harusi. Wifi akiezeka bati la bluu, Apaikunda anapaka lake jekundu. Wifi akinunua tangi la lita elfu mbili, Apaikunda ananunua la elfu tatu, ingawa bomba la kijiji halikuwa limetoa maji tangu uchaguzi. Wakikutana njiani wanashikana mikono na kuitana "wifi yangu wa dhahabu", na mtu mwenye akili anapisha.

Mchana uleule Apaikunda alibisha mlangoni kwangu.

"Mwalimu, hodi. Sikai."

Akakaa.

"Wifi umempa mistari mingapi?"

"Sikuhesabu, mama."

"Kumi na tisa. Mimi nilihesabu. Mtu hajawahi kuleta kanisani hata kitumbua."

"Ameacha kila kitu, Mama Kundaeli."

"Kila kitu cha mtu mmoja ni nini? Vijiko viwili. Mimi nina nyumba, nina kihamba cha kahawa, nina ng'ombe wawili wa maziwa. Nipe ishirini na sita."

"Na Kundaeli je?"

"Kundaeli ana nini?"

"Anakaa humo."

Akanitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo halikufundishwa.

"Kundaeli atakuwa mtoto wa Kaimu Marehemu," akasema. "Hiyo ni heshima. Andika, Mwalimu, karatasi isipoe."

Lazima nikwambie habari za huyu Kundaeli, maana yeye ndiye aliyekuwa anapotezewa kitu. Ni mtoto pekee. Miaka thelathini na minne, amerudi kutoka kwenye ndoa asiyopenda kuulizwa, na alirudi na cherehani moja. Anashona sare za shule sebuleni kwa mama yake. Yeye ndiye anayekamua, anayepika, anayemchua mama yake mguu mbovu kwa mafuta ya moto kila jioni. Sakafu ya saruji ya nyumba ile ni ya sare zake, na dari ni la sare zake. Tangu akiwa na meno ya utotoni aliambiwa: nyumba hii ni yako.

Niliandika. Mwalimu mstaafu wa nchi yetu haandiki anachotaka, anaandika anachoambiwa. Ndiyo maana amefika kustaafu. Mistari ishirini na sita, mingine niliikata vipande ili idadi itimie. Apaikunda alisimama nyuma ya bega langu akinisomea majina, na Jumapili nikasoma vilevile alivyotaka: "Ameacha mtoto mmoja na ng'ombe wawili, Malkia na Neema."

Kundaeli alikuwa amesimama mlangoni. Ibada ilipokwisha akanijia.

"Umesoma vizuri, Mwalimu," akasema. "Hata Malkia akisikia atafurahi."

Nikajifanya natafuta miwani.

*

Katika nchi yetu jambo likifanikiwa bila serikali, serikali hujisikia kuachwa. Ndani ya wiki chache Benchi la Mbele lilikuwa mabenchi matatu, na kanisa la ng'ambo ya mto, kwa kijicho, likaanza kutoa mto wa zambarau pamoja na feni. Habari zikafika mjini. Waziri wa Mambo ya Baadaye akaja na magari tisa, akahutubia uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi zilizoendelea zina wafu wenye mchango. Wafu wetu kwa muda mrefu mno wamekuwa wategemezi. Tunawazika, tunawafagilia makaburi, tunawataja kwenye hotuba, wao wanatupa nini? Serikali yenu sikivu imesema basi."

Tulipiga makofi. Tulikuwa tumeahidiwa soda.

Kanuni zikabandikwa kwenye mbao za matangazo. Kaimu Marehemu atapewa hati yenye picha. Atafutwa kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku na kwenye foleni ya zahanati, kwa kuwa marehemu halimi wala haugui. Kwenye daftari la wapiga kura atabaki, kama ilivyo desturi ya marehemu wote wa nchi yetu. Na ili taifa lijue kwamba hatanii, mali aliyoiacha itakabidhiwa siku ya tisini tangu kanuni zibandikwe. Yeye mwenyewe ataruhusiwa kuendelea kuishi humo kama mgeni mpaka atakapothibitishwa kwenye cheo. Watu wengine wote waondoke.

Mchungaji Nderumaki alisoma akakuna kidevu. "Sikusema hivi, Mwalimu. Mimi nilitaka watu wakumbuke kanisa siku ile watakapoondoka wenyewe. Tena kidogo tu. Paa linavuja."

"Uliwapa cheo, mchungaji," nikamwambia. "Nchi hii ukimpa mtu cheo, ofisi inakuja kumfuata."

Ofisi ilikuja kwa umbo la Bwana Kisengo, Kaimu Afisa wa Mambo ya Baadaye wa kata, kijana nadhifu mwenye mhuri unaoning'inia shingoni. Alibandika tangazo kwenye mlango wa Apaikunda: Kundaeli aondoke na cherehani yake kabla ya siku ya tisini, kwa kuwa ni kitu kisichoorodheshwa.

Kundaeli alimsomea mama yake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na wifi wamembandikia?"

"Wamembandikia, mama."

"Kubwa kama hili?"

"Ukubwa uleule."

"Basi," akasema Apaikunda, na akaenda kulala mchana.

Nilikuwepo, nimeleta suruali ipunguzwe. Kundaeli alikaa na lile tangazo mapajani kwa muda. Kisha akaanza kulisoma upya, polepole, kama mtu anayetafuta pindo la nguo ili alifumue.

*

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Kisengo.

"Mama yangu ni marehemu?"

"Kaimu."

"Na kaimu ana mamlaka yote ya mwenye cheo?"

"Yote, dada, ukiondoa mshahara."

"Basi mimi ni mfiwa."

"Kaimu mfiwa," Bwana Kisengo akamsahihisha, na kwa kuwa ni mtu anayependa mambo yakamilike, akamwandikia barua akagonga mhuri.

Kundaeli akarudi nyumbani. Akafunika cherehani kwa shuka. Akatandika mkeka sebuleni, akajifunga kanga kichwani, akakaa chini, miguu ameinyoosha. Mfiwa hapiki. Mfiwa hakamui, hachoti maji, hachui mtu mguu. Ni desturi yetu, na desturi yetu ni kali kuliko sheria kwa sababu inatekelezwa na majirani.

Majirani wakaja. Walikuja na maharage, ndizi, kuni, na sufuria lile kubwa la umoja wa wanawake. Hawakuwa na hakika kama inafaa kulia, wakalia kidogo kwa tahadhari. Ilipofika adhuhuri, Apaikunda akasikia harufu ya machalari, ndizi za kupikwa na nyama, akatoka chumbani akichechemea, sahani mkononi.

"Nipakulieni."

Wanawake wakatazamana. Mmoja, mama mnene mwenye sauti ya upole, akafuta mikono.

"Mama Kundaeli, utusamehe. Hapa tunapikia wafiwa."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye msiba."

Siku tatu zilikwenda hivyo. Apaikunda alikula ndizi mbivu kutoka shambani akiwa amesimama. Alikwenda kukamua, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na Malkia, ambaye kwenye wasifu nilimwita mpole, aliipiga ndoo teke. Mguu ukavimba. Watu walipita sebuleni wakamshika Kundaeli mkono, "Pole, mama alikuwa mtu wa watu," na mama akiwa nyuma ya pazia anasikia. Siku ya kwanza aliyafurahia maneno hayo. Siku ya pili aliyasahihisha. Siku ya tatu aliketi ukingoni mwa mkeka.

Majirani walikuwa nje wakiosha vyombo. Mimi nilikuwa barazani, nimetumwa na mchungaji kupeleka pole rasmi, na pazia la kwao ni jepesi.

"Kundaeli, mwanangu, unaniua."

"Hilo ulilifanya mwenyewe, mama. Mimi naomboleza tu."

"Mzaha huu umetosha."

"Sawa."

"Mbona unalia, kama ni mzaha?"

Nikasikia Kundaeli akipenga kamasi.

"Nawaonea wivu ng'ombe, mama. Wao waliandikwa majina."

Nje vyombo viligongana.

"Ilikuwa ni kwa sababu ya wifi…"

"Najua ilikuwa shangazi. Siku zote ni shangazi. Shangazi kanunua, shangazi kavaa, shangazi kakaa mbele. Nimekuchua mguu miaka tisa, na wewe unatazama dirishani kama taa ya shangazi imewaka. Ningependa siku moja unikosee kwa sababu yangu mimi."

Nikaziacha zile pole rasmi juu ya kiti, nikaondoka kwa kunyata.

*

Asubuhi Apaikunda alijikongoja kilomita tatu hadi ofisi ya kata kuomba kifo chake kifutwe.

"Kifo hakifutwi, mama," akasema Bwana Kisengo. "Tungekuwa tunavifuta, foleni ingefika baharini. Kilichopo ni ufufuo."

"Basi nipe huo."

Bwana Kisengo akafungua kabati, akapekua, akafunga. Ufufuo aliowahi kuusikia ulikuwa mmoja tu, ule wa Biblia, na huo haukupitia ofisini. Ikabidi apige simu mjini. Mjini wakaunda kamati, kamati ikanywa chai, na siku ya sitini na nane fomu ikafika. Ilikuwa na swali moja. Ilitaka mtu mmoja aliye hai, athibitishe kwa maandishi kwamba anamhitaji mwombaji, yeye mwenyewe na si mali yake, na aeleze sababu. Mtu mmoja anaweza kumfufua marehemu mmoja tu, ili kuzuia ulanguzi.

Apaikunda akaileta nyumbani akaiweka juu ya mkeka, mbele ya miguu ya binti yake.

"Sikulazimishi," akasema. "Njia nzima nimetafuta sababu ambayo ungeweza kuandika. Sijaiona."

Kundaeli akainuka. Aliondoa shuka kwenye cherehani, akaitumia kama meza, akaandika. Aliandika nini sijui. Nilimwuliza Bwana Kisengo akasema ni siri ya serikali. Aliniambia tu kwamba nafasi haikumtosha, akageuza nyuma ya karatasi, na kwamba yeye Kisengo alilazimika kwenda dirishani kidogo.

Jumapili mchungaji akatangaza ufufuo. Kwaya, ambayo haikuwa na wimbo mwingine unaofaa, ikaimba wa Pasaka katikati ya Oktoba. Apaikunda akaushika mkono wa binti yake, akainuka kwenye mto wa zambarau, akarudi safu ya tatu. Vigelegele vikapigwa hadi popo wakatoka darini.

Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakionewa wivu kwa ng'ombe, kwa bati, kwa gari, kwa mazishi. Sijawahi kuona wivu kama ule. Mabenchi matatu ya mbele yaligeuza shingo kwa pamoja. Hata mimi, ambaye niliwahi kukaa miaka miwili nikiwa nimekufa kwenye majalada ya pensheni kwa makosa ya karani, nilijiuliza mbona mwaka ule hakuna aliyenipigia kigelegele.

Jumatatu watu thelathini walipanga foleni ofisini. Mke mmoja alimfufua mumewe kwa sababu ndiye pekee anayejua mpaka wa shamba ulipo. Mume mmoja alimfufua mkewe kwa sababu tangu amefariki rasmi hajui soksi zake zilipo. Mchungaji alisimama mlangoni pa kanisa akitazama wosia zikiondoka moja moja, na nilimwonea huruma.

"Mwalimu, tumefanya nini?"

"Tumewafufua watu, mchungaji. Nilidhani ndiyo kazi yetu."

Akacheka, kwa shida. Lakini wiki hiyohiyo Apaikunda alimpelekea karatasi ya kawaida, isiyo na picha wala mhuri: nyumba ni ya Kundaeli, mistari minne ya kahawa ni ya kanisa, siku atakayoondoka mwenyewe. Wengine wakafuata, huyu mti mmoja wa parachichi, yule ndama. Havikutosha kujenga, lakini havikumfukuza mtu nyumbani. Mchungaji alivipokea bila wasifu wowote kusomwa.

*

Benchi la Mbele likabaki na mtu mmoja.

Siku ya themanini na tatu, Jumatano asubuhi, nilikuwa kwa Kundaeli, suruali yangu imepunguzwa mno sasa inarefushwa, tukasikia hodi. Alikuwa Bi Ndeshukurwa. Hakuwa na ule mwendo. Mkononi alikuwa na fomu safi, haijaandikwa kitu, imelainika kwenye pembe kwa kushikwashikwa.

"Karibu, wifi yangu wa dhahabu," akasema Apaikunda, mguu wake ukiwa kwenye beseni la maji ya moto.

"Leo niite Ndeshi."

Akakaa kwenye kigoda, chini kuliko sisi sote. Cherehani ikanyamaza.

"Nimezunguka kijiji kizima na hii karatasi," akasema. "Wananiamkia vizuri. Wananipa chai, wananipa kiti kizuri. Nikiitoa karatasi, wanasifu mwandiko wa serikali. Bado siku saba, nyumba ichukuliwe."

"Utapata mtu, wifi."

"Nyumba si kitu. Niliitoa kwa moyo. Ila nilipokuona unatembea kurudi nyuma kule kanisani, na huyu amekushika mkono…" Akaikunja fomu, akaikunjua. "Unajua siku ulipomleta huyu kutoka hospitali, umemfunga kwenye kanga ya njano? Nilipita uani kwa kina Nderingo, kwenye matope, na viatu vyangu, ili nisikutane nanyi. Nilikuonea wivu nikaugua homa. Tangu siku hiyo wanakuita kwa jina lake. Mimi wananiita kwa jina la kazi."

Apaikunda alitoa mguu kwenye maji.

"Wewe? Ulinionea wivu mimi?"

"Kila siku. Nilikuwa nanunua vitu ili nisahau."

"Na mimi nikawa nanunua vilevile," akasema Apaikunda polepole. "Mungu wangu, wifi, tumewatajirisha Wahindi wa mjini bure."

Kundaeli akainuka. "Shangazi, lete hapa."

"Wewe umeshamfufua mmoja, mwanangu. Kanuni haikuruhusu."

Ndipo wote tukamgeukia Apaikunda. Alikuwa anakausha mguu kwa taulo, kidole kimoja kimoja, kwa makini ya kupita kiasi.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "mwandiko wangu mbaya. Andika wewe."

Nikatoa kalamu. "Sababu ya kumhitaji, mama."

"Andika: huyu asipokuwepo, nitaamka asubuhi nifanye nini?"

"Serikali inataka sababu, haitaki swali."

"Basi andika namwonea wivu. Andika miaka arobaini na mmoja. Andika kwamba hakuna kitu kimeingia humu ndani ambacho hakikuingia kwake kwanza, na kwamba akiondoka sitanunua hata chumvi." Akafikiri. "Malizia hivi: bado sijamaliza naye."

Bwana Kisengo, nilipompelekea kesho yake, alisoma mara mbili akagonga mhuri bila kuuliza kitu, jambo ambalo ofisi ile haijawahi kuliona. Lakini hiyo ilikuwa kesho yake. Siku ile yenyewe Bi Ndeshukurwa aliichukua karatasi, akaiweka mbali na macho kama watu wazima wasomavyo, akaimaliza.

"Hili la kwamba hujamaliza, wifi, maana yake nini?"

"Maana yake Jumapili utakapofufuka usivae lile gauni lako la kijani. Na mimi ninashonewa la kijani."

Bi Ndeshukurwa akaitia karatasi kwenye mkoba. Akafuta macho kwa kiganja, akajinyoosha mgongo, akamgeukia Kundaeli.

"La mama yako lina mikono mirefu au mifupi?"

"Mifupi, shangazi."

"Basi mimi nishonee mirefu," akasema, na akasimama apimwe.